Hori Tupu la Greccio



Wapendwa katika Kristo, Noeli iliyopita mjumbe mmoja wa halmashauri ya walei, mzee ninayemheshimu sana, alinifuata sakristia akiwa na malalamiko. Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wametengeneza pango la Noeli kwa udongo wa mtoni, na pamoja na ng'ombe na punda walikuwa wameweka kuku wawili, mbwa aliyekatika mkia, na mama muuza vitumbua. "Baba Paroko," akaniambia, "imani si mchezo wa watoto. Tununue sanamu za maana." Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia tu kwamba fedha hazitoshi. Jambo hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu. Leo napenda kumjibu kwa kurudi nyuma miaka mia nane, hadi Italia, katika bonde la Rieti.

Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa amechoka. Miaka minne kabla, yaani mwaka 1219, alikuwa amesafiri hadi Damietta nchini Misri wakati wa vita vya msalaba, akaonana na Sultani Malik al-Kamil, na aliporudi alikuwa na ugonjwa wa macho ambao haukumwacha tena. Mwaka 1220 aliachia uongozi wa shirika alilolianzisha mwenyewe. Ndugu walikuwa wameongezeka mno, na pamoja nao yakaongezeka mabishano: je, umaskini uwe wa kiasi gani? Nani awe na nyumba, nani awe na vitabu? Kanuni iliandikwa, ikakataliwa, ikaandikwa upya, mpaka Papa Honorio III alipoithibitisha tarehe 29 Novemba 1223. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika vikao vya kutunga katiba anajua jinsi roho inavyokauka humo.

Ni mtu huyo, akiwa ametoka tu katika shughuli hiyo nzito, aliyefanya jambo ambalo mzee wangu angeliita mchezo. Siku kumi na tano hivi kabla ya Noeli alimwita bwana mmoja wa heshima aitwaye Giovanni, wa mji mdogo wa Greccio, akamwomba atayarishe hori lenye nyasi kavu, na alete ng'ombe na punda walio hai. Alitaka kuona kwa macho ya mwili taabu aliyoipata Mtoto wa Betlehemu kwa kukosa mahitaji ya mtoto mchanga. Habari hizi tunazo kutoka kwa Ndugu Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache tu baada ya kifo chake, kwa hiyo si hadithi iliyozuka karne nyingi baadaye.

Usiku ulipofika, wanaume kwa wanawake wa vijiji vya jirani walipanda mlimani wakiwa na mishumaa na mienge. Misa iliadhimishwa juu ya hori lenyewe. Fransisko hakuwa padre; alikuwa shemasi, na kama shemasi aliimba Injili na kuhubiri. Tomaso anasimulia kwamba alipotamka neno Betlehemu sauti yake ilikuwa kama ya kondoo anayelia, na kila alipotaja jina la Yesu alilamba midomo kana kwamba anaonja asali. Hebu fikirini, ndugu zangu: mwanzilishi wa shirika, mgonjwa, mwenye umri wa miaka arobaini na ushee, analia kama kondoo mbele ya umati. Mimi nisingethubutu.

Lakini jambo ninalotaka tulitazame kwa makini ni hili. Katika masimulizi ya Tomaso hori lilikuwa tupu. Hatusikii habari ya sanamu ya Mtoto, wala ya mtu aliyeigiza Maria au Yosefu. Palikuwa na nyasi, wanyama na altare. Ndipo mtu mmoja mwadilifu, ambaye Mtakatifu Bonaventura baadaye alimtaja kuwa ndiye Giovanni, akaona mtoto mchanga amelala horini kama asiye na uhai, na Fransisko akamkaribia, akamwamsha kama mtu anayemwamsha mwingine kutoka usingizi mzito. Tomaso anaieleza njozi hiyo bila kuzunguka: Mtoto Yesu alikuwa amesahauliwa mioyoni mwa wengi, na kwa njia ya mtumishi wake akaamshwa tena.

Basi, ubunifu wa Fransisko haukuzua kitu kisichokuwapo. Ulimwamsha Yule aliyekuwapo lakini amesahauliwa. Hapo ndipo panapotofautiana kubuni kwa mtoto na kudanganya kwa mtu mzima. Anayedanganya anataka uamini kisichokuwapo. Mtoto anachukua kitu cha kweli ambacho hakionekani, akakipa udongo ili kiweze kushikika. Hata ng'ombe na punda wenyewe Mwinjili Luka hawataji. Kanisa liliwachukua kutoka sura ya kwanza ya Nabii Isaya, na Wakristo walikuwa wakiwachonga kandokando ya hori tangu karne ya nne. Kama hao waliruhusiwa kuingia, sioni sababu ya kumfukuza mama wa vitumbua. Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari asiye na masihara, katika Mazoezi yake ya Kiroho yaliyoidhinishwa mwaka 1548, anamtaka mtu mzima ajiweke pangoni kwa mawazo, kama mtumishi mdogo anayewahudumia Maria na Yosefu.

Hata hivyo lazima nimtendee haki mzee wangu, maana upo utoto usiofaa. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mwalimu wetu wa njia ndogo, alieleza kwamba neema yake kubwa ya Noeli ya mwaka 1886 ilikuwa kutoka utotoni. Alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na minne, na bado alikuwa akiwekewa zawadi ndani ya viatu. Usiku ule, baada ya Misa, alimsikia baba yake akisema kwa uchovu kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho. Badala ya kulia kama ilivyokuwa desturi yake, alimeza machozi, akashuka na kufungua zawadi kwa furaha ili baba asihuzunike. Aliacha udekaji, akabaki na utumaini. Na utumaini huo ulijaribiwa vikali. Tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, giza lilimfunika hata fikra ya mbinguni, iliyokuwa imemfariji tangu utotoni, ikawa mateso kwake. Picha zote za moyoni zilizimika. Aliandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe na kuibeba kifuani. Hori lake nalo lilikuwa tupu, naye hakuondoka pale.

Fransisko alifariki mwaka 1226, karibu miaka mitatu baada ya usiku ule. Tarehe 1 Desemba 2019 marehemu Papa Fransisko alikwenda Greccio na kutia sahihi papo hapo barua yake juu ya pango la Noeli, akizihimiza familia ziendelee kulitengeneza.

Tomaso anaongeza kwamba nyasi za hori lile zilitunzwa, na wanyama wengi wagonjwa wa nchi ile walipozila wakapona. Mzee wangu, wewe ni mfugaji. Watoto wameanza tena kuchota udongo, na mama wa vitumbua yumo. Nyasi za mwaka huu, naomba zitoke kwako.