Vita na Watu katika Tungo za Pwani ya Kusini
Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Kilwa na Lindi hadi Mikindani, Shangani ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, imehifadhi sehemu kubwa ya historia yake katika tungo na ngoma. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, vilivyozuka mwaka 1905. Ulichapwa Ujerumani mwaka 1933. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane: mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Kwa mpangilio huo habari ndefu hukaa kichwani hata kwa asiyejua kusoma.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyohiyo, aliandika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969) kuhusu vita hivyohivyo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa yaliyovipa vita hivyo jina na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905, alikuwa mtu halisi. Wa Hussein ni wa kubuni, na mwandishi alilitamka hilo waziwazi. Alifanya vyema, maana ndipo alipopata nafasi ya kuonyesha kiongozi akiyatilia shaka maji yake mwenyewe.

Wamakonde, pande zote mbili za Ruvuma, walisimulia kwa mti. Katika ngoma ya mapiko mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa kizima, na wachongaji walichonga hata sura za Wazungu wa enzi ya ukoloni.