Fotokor, kamera ya wanagenzi

Sisi tuliozoea kupiga picha mia kwa siku moja tungeionea taabu Fotokor-1. Kiwanda cha GOMZ, Leningrad, kiliitengeneza toka 1930 hadi 1941 kwa kuigiza kamera za Kijerumani, na zilitoka zaidi ya milioni moja. Ilikunjwa ikawa bapa kama kitabu. Kila picha ilitaka kioo chake kilichopakwa dawa, sentimita 9 kwa 12. Mwanagenzi akikosea, kioo kimepotea.

Jina lilitokana na "mwandishi wa picha", maana serikali ilitaka wafanyakazi wenyewe wayapelekee magazeti picha. Ilipofika 1937, majumbani watu walikuwa wakikwangua kwa wembe, katika picha zao wenyewe, nyuso za jamaa waliokamatwa.