Si kila kasi ni rekodi

Mkimbiaji akiteremka kutoka Nunguni, juu ya Milima ya Kilungu, hadi Salama kwenye barabara ya Mombasa, atapata muda mzuri sana. Lakini hiyo si rekodi. Neno hili tunalibandika kwa kila kasi ya kushangaza, ilhali rekodi ni muda pamoja na masharti yaliyokubaliwa kabla ya mbio.

Aprili 2011 Geoffrey Mutai alimaliza marathoni ya Boston kwa saa 2:03:02. Haikutambuliwa kuwa rekodi ya dunia: njia hairuhusiwi kushuka zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, wala mwanzo na mwisho wake kuachana kwa zaidi ya nusu ya masafa. Septemba ya mwaka huohuo Patrick Makau, mwana wa Ukambani, alitumia 2:03:38 mjini Berlin, na ndiye aliyeivunja rekodi ya Haile Gebrselassie.

Wachezaji wa michezo ya video wanaoshindania kumaliza haraka wanalichunga neno hili vizuri. Katika Super Mario Bros., anayeruka hatua kwa kupitia mabomba hashindanishwi na anayezicheza zote. Kila mmoja ana orodha yake. Watangazaji wetu nao waseme “muda bora” mpaka masharti yathibitishwe.