Selimundu: Baridi ya kiyoyozi inapogeuka kuwa maumivu

MTU anayelalamikia baridi Diani au Msambweni huenda akachekwa. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana huzidi nyuzi 30, na wengi hufurahia vyumba vyenye viyoyozi hotelini, benki na ofisini. Lakini kwa mgonjwa wa selimundu, chumba kinachowaburudisha wenzake kinaweza kumletea maumivu makali.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi unaoathiri himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika seli nyekundu za damu. Seli hizo, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, huwa ngumu na kupinda mfano wa mundu. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, ndiye aliyeueleza kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910.

Ugonjwa huu si mgeni Pwani. Mwaka 1949, Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilipatikana kwa wingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja pekee hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Baridi hudhuru vipi?

Mwili unapopatwa na baridi, mishipa midogo ya damu husinyaa ili kuhifadhi joto. Kwa mtu mwenye afya hilo si tatizo. Kwa mgonjwa wa selimundu, damu hupita polepole, seli hupoteza oksijeni, hupinda na kuziba njia. Hapo huanza maumivu ya mifupa, kifua au tumbo, ambayo huweza kudumu siku kadhaa. Upepo, nguo zilizolowa, kuogelea katika maji baridi na upungufu wa maji mwilini pia huweza kuyachochea.

Kuishi na wenzake

Si lazima kiyoyozi kizimwe. Mgonjwa aketi mbali na mahali kinapopuliza, au hewa yake ielekezwe juu, na kipimo kipandishwe hadi kiwango ambacho wote watakivumilia. Anayefanya kazi hotelini abadilishe nguo zilizolowa jasho kabla ya kuingia ndani, awe na sweta karibu na anywe maji mara kwa mara. Katika bweni, kitanda cha mwanafunzi huyo kisiwekwe chini ya feni wala kando ya dirisha linalopokea upepo wa kusi.

Hata hivyo, si kila baridi hutokana na kiyoyozi. Kutetemeka pamoja na homa kunaweza kuwa dalili ya malaria. Mgonjwa wa selimundu mwenye homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua au shida ya kupumua apelekwe hospitalini mara moja. Naye asiye na selimundu lakini husikia baridi kila wakati apimwe, kwani huenda amepungukiwa na damu au tezi ya shingo haifanyi kazi ipasavyo.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwajiri, mwalimu au jamaa anayeombwa kupunguza ubaridi asidhani anadekezwa mtu. Huenda anamwepushia mwenzake kulazwa hospitalini.