Kiti cha Laki Mbili

Viti vya Bunge la Taifa viliudhi watu hata kabla ya kukaliwa. Agosti 2012, Rais Kibaki alipofungua ukumbi uliokarabatiwa, Wakenya walishika bei tu: kama shilingi 200,000 kwa kiti, na viti ni 350. Vilitengenezwa na Idara ya Magereza, na bado bei ikawa hiyo.

Mimi nilivutiwa na kitu kingine: kile kifaa kilichopachikwa mbele ya mheshimiwa. Maikrofoni, kiskrini, mahali pa kuchomeka kadi, na vitufe vya kuunga mkono, kupinga au kukaa kando. Kikitumika, jina la kila mbunge linaandikwa pamoja na kura yake. Wazo lenyewe ni la kale. Thomas Edison alisajili mashine kama hiyo mwaka 1869, wanasiasa wa Marekani wakaikataa kwa sababu ilikuwa haraka mno. Walitaka muda wa kuvutana, bana.

Lakini kwa kawaida bunge letu huanza na kura ya sauti. Vitufe huguswa wabunge wa kutosha wakidai kura ihesabiwe.

Tarehe 18 Desemba 2014 ulikuja mswada wa sheria za usalama, wiki chache baada ya mauaji ya Mandera. Kipengele kimoja kilisema wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya 300,000, na wengi wao waliingilia Liboi, mji wa mpakani ambao mwaka 1991 ulipokea Wasomali waliokimbia vita. Kwa mtu wa Liboi, hiyo ilimaanisha jirani, mteja dukani, pengine shemeji.

Siku hiyo ukumbini karatasi zilirushwa, Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji, wabunge wakashikana mashati. Katikati ya kelele Spika Muturi akauliza nani anaafiki na nani anapinga, akasikiliza, akaamua walioafiki wameshinda. Viskrini vilikuwa palepale, mbele ya kila kiti. Kesho yake Rais Uhuru akatia sahihi.

Februari 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kipengele hicho, na majaji wote watano majina yao yako kwenye hukumu. Juni 2024, mswada wa fedha ulipopita hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115, orodha ya majina ilizunguka kwenye simu zetu usiku huohuo. Ya 2014 haipo. Mpiga kura wa Liboi akitaka kujua mbunge wake alisema nini siku ile, inabidi amuulize mwenyewe.