Uzamili katika elimu ya afya: Swali la utafiti ndilo mwanzo

SHAHADA ya uzamili katika elimu ya afya na mazoezi ya mwili huwavutia walimu, wauguzi, maafisa wa afya ya umma na wakufunzi wa michezo. Aghalabu mwanafunzi huanza akidhani kwamba atafunzwa mbinu za kuwaonya watu dhidi ya uvivu na ulaji mbaya. Fani hii ilikwishavuka mpaka huo zamani.

Mkataba wa Ottawa wa mwaka wa 1986 ulieleza ukuzaji wa afya kuwa ni kuwawezesha watu kuidhibiti na kuiboresha afya yao. Ulitaja nguzo tano: sera za umma, mazingira, nguvu za jamii, stadi za mtu binafsi na mwelekeo mpya wa huduma za matibabu. Kumshauri mtu afanye mazoezi kunagusa nguzo moja tu.

Nusu nyingine ya masomo ni utafiti na takwimu, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka wa 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wahudumu wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, walioketi kutwa, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Ilielekea kwamba kutembea ndiko kulikowakinga makondakta. Hata hivyo, mwaka wa 1956 watafiti walikagua vipimo vya sare zao wakabaini kuwa madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, hata wale waliokuwa bado vijana. Huenda basi tofauti nyingine ilikuwepo kabla ya kazi. Mwanafunzi wa uzamili hutakiwa kujiuliza swali la aina hiyo kuhusu kila matokeo, yakiwemo yake mwenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, na wastani wa dakika 60 kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Jijini Nairobi, ambako wengi huenda kazini kwa miguu, swali zito si kama watu hutembea, bali kama njia zao ni salama. Swali kama hilo, likibanwa katika mtaa mmoja au shule moja, laweza kuzaa tasnifu.

Kabla ya kulipa karo, mwombaji athibitishe kwamba kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwamba chuoni yupo mhadhiri mwenye ujuzi wa kumsimamia katika mada anayoitaka. Vyuo vingi nchini huhitaji shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Wenye daraja la pili la chini mara nyingi huulizwa tajriba ya kazi.

Baada ya pendekezo la utafiti kukubaliwa, huhitajika kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Hatua hizi huchukua muda. Anayesubiri hadi mwisho wa masomo ya darasani ndipo atafute mada hujikuta akilipa karo ya ziada ilhali hajakusanya data yoyote. Anayeingia na swali moja dogo kutoka kazini mwake huwa amejiokolea miezi mingi.