Kabla Hujakata Hedi, Soma Historia ya Safari

Kila Safari Rally ikikaribia, video zinaanza. Msee amesimama kwenye vumbi la Kedong, nyuma yake mvuke wa Olkaria unapanda, anasema hizi gari ni noma. Ni noma, sawa. Lakini ukiuliza ni noma kwa nini, jibu ni dereva, ni tabo, ni Toyota. Hakuna anayetaja hewa. Na mimi nasema nusu ya historia ya Safari, tangu 1953, ni hewa na hesabu moja ndogo ya kugawanya.

Hesabu yenyewe ni hii. Pistoni ikiwa chini kabisa, silinda ina nafasi kubwa. Ikipanda juu kabisa, hewa na petroli vinabaki vimebanwa kwenye nafasi ndogo. Gawanya kubwa kwa ndogo, umepata uwiano wa kubana, ile kitu mafundi wetu huita kompresheni.

Chukua Datsun 240Z. Ilishinda Safari 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kufukuza Waasia 1972, na ambaye mwishowe alishinda mara tano. Gari za timu zilikuwa zimefanyiwa kazi zaidi, kwa hivyo natumia namba za ile ya dukani. Silinda sita, kipenyo milimita 83, pistoni inasafiri milimita 73.7. Nusu ya kipenyo zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa pai, zidisha kwa safari ya pistoni: sentimita za ujazo 399 hivi kwa silinda moja. Mara sita, 2,393. Kiwandani ilitoka na uwiano wa 9 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ni karibu 50. Jumlisha 399 na 50, gawanya kwa 50, unapata 9.

Sasa wewe unataka 10 kwa 1. Ile nafasi ya juu lazima ishuke hadi 44.3. Umetoa sentimita za ujazo 5 na nusu, na kwenye silinda ya upana huo, hiyo ni milimita moja tu ya urefu. Moja! Ni kama unene wa gasketi ya hedi. Ukikata hedi yenyewe itabidi ukate zaidi kidogo, kwa sababu chumba cha mwako kwa kawaida si kipana kama silinda. Ndiyo maana fundi makini hakadirii. Analaza hedi ikiwa na vali zake na plagi yake, anafunika chumba kwa kipande cha plastiki chenye tundu, anajaza mafuta taa kwa bomba la sindano, anaandika kila chumba kimekula ngapi. Halafu anaongeza unene wa gasketi na shimo la kichwa cha pistoni kama lipo. Ni kazi ya asubuhi nzima na haina video nzuri, labda ndiyo sababu huioni mtandaoni.

Lakini ona kitu: kwenye hesabu yote hiyo hakuna mahali pameandikwa Naivasha.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Olkaria iko juu zaidi kidogo. Hapo msukumo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. (Ukichemsha chai Olkaria, maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, si 100. Ni mambo ya hewa hiyo hiyo.) Injini yako ya 9 kwa 1 inabana mara tisa kote kote, ila huku juu inabana kitu kidogo. Kwa hesabu ya vitabu, ungehitaji zaidi ya 10.5 ndipo ufikie msukumo ambao 9 ilikupa pale Likoni. Kwa hivyo ndiyo, injini ya Nakuru inaweza kubanwa zaidi ya injini ya pwani kabla petroli haijaanza kulipuka vibaya. Wamarekani wanajua hii: Colorado wanauza petroli ya okteni 85 wakati nyanda za chini kiwango cha kawaida ni 87. Na Denver iko chini ya Nakuru!

Huo mlipuko mbaya una historia yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza Harry Ricardo alijenga injini ambayo uwiano wake ungeweza kubadilishwa ikiwa inanguruma. Alikuwa anapandisha polepole hadi isikike ikigonga, kisha anaandika namba ya kila petroli. Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors akagundua kwamba risasi ndani ya petroli inazuia kugonga. Ulimwengu mzima ukapandisha kompresheni, na ulimwengu mzima ukavuta sumu. Sisi kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021, na waliotangaza ni UNEP, hapa hapa Gigiri. Watu wakisema magari ya zamani yalikuwa na nguvu, wakumbuke nguvu nyingine ililipiwa na damu ya watoto.

Turudi barabarani. Safari ya zamani haikukaa Naivasha kama ya siku hizi. Ilipita Kenya, Uganda na Tanzania. Ile ya 1972 ilianzia Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Injini moja ilitakiwa ivumilie hewa nzito ya pwani na joto lake, kisha ipande nyanda za juu ambako hewa ni chache, bila kubadilishwa hedi. Ukiijengea mlima, pwani itakutoboa pistoni. Ukiijengea pwani, mlimani unapitwa. Waliojua hili walikuwa watu wa gereji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na 1965 alishinda na Volvo PV544 iliyotumika tayari, ndugu yake Jaswant akiwa kando. Kwangu huyo ni shujaa wa uhandisi kama alivyo wa mbio, na inaniuma kwamba shuleni tulifundishwa ujazo wa silinda kwa mfano wa tangi la maji.

Tabo ilibadilisha mchezo. Toyota Celica ya tabo ilishinda 1984, 1985 na 1986. Tabo inabana hewa kabla haijaingia silinda, kwa hivyo inarudisha sehemu ya kile mlima umechukua, na kompresheni ya ndani inaweza kuachwa chini. Mbio za dunia ziliporudi Juni 2021 na kambi ikawekwa Naivasha, na baadaye gari zikapita kwenye hatua iliyoitwa Geothermal, zote za mbele zilikuwa za tabo.

Shida yetu ni wale tunaojenga bila tabo, na bila safari ya kwenda Dar akilini. Unaona mtu wa Japani au Florida anasema 11 kwa 1 ndiyo tamu, unakata hedi Nakuru, gari inaruka vizuri mpaka Lanet. Desemba inafika. Watu watano ndani, mizigo juu, jua la Voi, na mita zaidi ya elfu moja za mlima ziko nyuma yako. Ukikanyaga, unasikia kokoto kwenye mkebe. Hizo si kokoto. Ukiendelea hivyo hadi Mombasa, unaweza kurudi kwa basi.

Sasa wasee wa Nakuru, Gilgil na Naivasha, wekeni namba zenu hapa chini: kipenyo, safari ya pistoni, na ujazo wa chumba cha mwako. Na useme ukweli kama uliupima kwa mafuta taa ama fundi alikuambia tu.